Jina la Pumba, Uzito wa Sukari: Kilichomo Ndani ya Mafini

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita katika mkutano wetu wa lishe. Wengi mlioshindwa kufika mmeniomba niyaweke kwa maandishi, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani. Michoro ya ukutani nimeiacha. Mabakuli yaliyokuwa mezani nitawaeleza yalikuwa na nini.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana wangu, nawasalimu nyote. Asanteni kwa kuniita, na asanteni kwa kujaza safu za mbele.

Nina swali la kuanzia. Mtu akizungumza jambo lisilo na maana, tunamwambiaje?

(Ukumbi ukajibu: "Acha pumba!")

Naam. Acha pumba. Na tukitaka mtu apambanue jambo zito na jambo jepesi, tunamwambia atenganishe mchele na pumba. Lugha yetu imeshatoa hukumu: pumba ni kitu cha kutupwa. Leo nimekuja kuzitetea pumba, na hasa pumba za ngano. Kisha, nikishamaliza kuzitetea, nitawashtaki wale wanaosafiri kwa jina lake. Naomba mnivumilie kwa yote mawili.

Nitaeleza kwa nini jambo hili limenishika. Mama yangu, aliyeketi pale safu ya tatu na ambaye amenipa ruhusa ya kuyasema haya, alipata shida ya choo kigumu kwa miezi mingi. Mimi mwanawe, niliyesomea lishe, nikamwambia kwa simu: "Mama, kula vitu vyenye pumba." Basi. Sikueleza zaidi. Nilikuwa na haraka. Mama akafanya kama alivyoambiwa. Kila asubuhi akala mafini, ule mkate mdogo mtamu unaookwa kikombeni, moja kubwa ya pumba na zabibu kavu, ile inayojaa kiganja. Akala hivyo kwa karibu mwaka mzima. Shida ya choo ilipungua kidogo tu. Uzito ukapanda. Alipopimwa sukari kwenye damu, nayo ilikuwa imepanda. Nilipomuuliza anakula nini, alinitazama akasema, "Mwanangu, si uliniambia pumba?"

Sikuwa na jibu. Nililokuwa nimempa lilikuwa jina tu. Ndani ya chakula chenyewe kuna nini, hilo sikumwambia. Hotuba ya leo ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Tuanze na punje ya ngano. Kwa ndani punje ina sehemu tatu. Kuna sehemu kubwa nyeupe ya wanga, karibu asilimia 83 ya uzito wake. Kuna kiinitete, mahali mmea mpya unapochipukia, asilimia mbili na nusu hivi. Halafu kuna ngozi inayoifunika punje yote, tabaka juu ya tabaka, asilimia 14 au 15. Ngozi hiyo ndiyo pumba. Msiichanganye na kumvi. Kumvi ni ganda la nje kabisa linalopeperuka wakati wa kupepeta, na halina faida tumboni mwa mtu. Pumba ni ngozi ya punje yenyewe. Kinu kinachotoa unga mweupe huiondoa ngozi hiyo pamoja na kiinitete, kinabakiza wanga.

Sasa tazameni kinachoondoka. Gramu 100 za pumba za ngano zina karibu gramu 43 za nyuzinyuzi. Gramu 43! Unga mweupe wa uzito uleule una gramu 3 hivi, na unga wa punje nzima unakaribia 11. Pumba hizo zina protini gramu 15 na zaidi, magnesiamu miligramu 600 hivi, madini ya chuma miligramu 10, zinki miligramu 7, potasiamu zaidi ya gramu moja, na vitamini kadhaa za kundi B. Nguvu yake ni kilokalori 216 tu kwa gramu 100, wakati unga mweupe una 364. Hiki ndicho tulichokiita kitu cha kutupwa.

Na nyuzinyuzi hizi hufanya nini tumboni? Sehemu kubwa ya nyuzinyuzi za pumba za ngano haiyeyuki majini. Utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Zinafika kwenye utumbo mpana zikiwa karibu nzima, zinashika maji, bakteria wanazila sehemu, na choo kinakuwa kingi na laini. Waliopima wamekuta kwamba kila gramu moja ya nyuzinyuzi za pumba za ngano huongeza uzito wa choo kwa gramu 5 hivi. Hakuna nyuzinyuzi nyingi zinazoshindana nazo katika kazi hiyo. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula, mwaka 2010, ilikubali kwamba gramu 10 kwa siku za nyuzinyuzi zitokanazo na pumba za ngano huharakisha safari ya chakula tumboni.

Najua wengine mnaona aibu nikizungumzia choo hadharani. Kuna daktari mmoja ambaye hakuona aibu hiyo, na sote tunafaidi ujasiri wake. Aliitwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Ayalandi, akafanya kazi Uganda kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1940. Wengi wanamkumbuka kwa saratani ya watoto iliyopewa jina lake. Lakini akiwa Uganda aliona jambo jingine. Magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza hakuyaona kwa wanakijiji aliowatibu. Akajiuliza kwa nini. Yeye na wenzake wakawapa watu vidonge vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, wakakusanya vyoo vyao, wakavipima uzito na kuvipiga picha ili kujua vidonge vilichukua muda gani kupita. Walipotoa matokeo mwaka 1972, yalionyesha kwamba chakula cha wanakijiji wa Uganda kilipita tumboni kwa nusu ya muda uliochukuliwa na chakula cha Waingereza, na choo chao kilikuwa kizito mara kadhaa. Mmoja alikula nafaka na ngozi yake, mwingine alikula mkate mweupe. Baada ya hapo dunia ikaanza kuitazama pumba kwa jicho jipya, na mikate na vitafunwa vya pumba vikajaa madukani.

Lakini ngojeni kidogo. Mtetezi akizidisha sifa, anamharibia anayemtetea. Burkitt aliamini nyuzinyuzi zingezuia magonjwa mengi, saratani ya utumbo mpana ikiwemo. Huko Arizona, Marekani, watafiti waliwachukua watu zaidi ya 1,400 waliokwisha kuondolewa vinyama kwenye utumbo mpana, vile ambavyo baadhi yake hugeuka saratani. Kundi moja likapewa gramu 13.5 za nyuzinyuzi za pumba za ngano kila siku, jingine gramu 2. Wakafuatiliwa kwa miaka kama mitatu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2000: vinyama vilirudi kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Kwa hiyo nisiwadanganye. Nyuzinyuzi katika mlo mzima, kutoka nafaka, maharage, mboga na matunda, zinahusishwa na afya njema kwa ushahidi mwingi. Lakini kijiko cha pumba juu ya mlo mbaya hakijathibitishwa kuwa kinga ya saratani. Anayewauzia mafini kwa maneno hayo, mwambieni nilivyosema mwanzo: aache pumba.

Na hata kupunguza kolesteroli, yaani mafuta ya kwenye damu, jambo ambalo watu huniuliza sana, ni kazi inayofanywa zaidi na pumba za oti. Zile zina beta-glukani, nyuzinyuzi inayoyeyuka na kuwa kama ute. Pumba za ngano haziisaidii sana kolesteroli. Ukinunua mafini ya pumba, soma ni pumba za nini.

Sasa njooni mezani. Hapa nina mabakuli saba. Ndani yake mna kila kinachohitajika kuoka mafini 12 za kawaida, kwa kipimo kilichozoeleka sana vitabuni na jikoni. Hizi ni mafini ndogo, moja ina gramu 60 hivi ikishaiva. Bakuli la kwanza: pumba za ngano, kikombe kimoja na nusu, gramu 87. La pili: unga mweupe, kikombe kimoja, gramu 125. La tatu: sukari, gramu 120. La nne: mafuta ya kupikia, thuluthi ya kikombe. La tano: yai moja. La sita: maziwa, kikombe kimoja. La saba: zabibu kavu, gramu 110. Pembeni kuna kijiko cha chai cha magadi ya kuokea na nusu kijiko cha chumvi.

Nawauliza: katika mabakuli haya saba, ni lipi linaloleta nguvu nyingi zaidi?

(Wengi walisema unga. Kijana mmoja akasema sukari.)

Ni hili la nne. Mafuta. Lina kilokalori 645. Linafuatiwa na sukari, 464. Unga, 455. Zabibu kavu, 329. Halafu ndipo pumba, 188. Kisha maziwa, karibu 150, na yai, 72. Jumla yake ni kilokalori 2,300. Tuseme hivi: mafuta na sukari peke yake, vitu viwili ambavyo havimo katika jina la chakula hiki, vinabeba karibu nusu ya nguvu yake yote. Pumba, zenye jina, zinabeba asilimia 8.

Asilimia 8, ndugu zangu.

Sasa nigeuze swali. Nyuzinyuzi zinatoka bakuli lipi? Rojo lote lina gramu 44 hivi za nyuzinyuzi. Kati ya hizo, gramu 37 zinatoka kwenye bakuli la kwanza. Zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo pumba zinafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa. Zimekaa katika nyumba ambayo wapangaji wengine wamechukua vyumba vikubwa, na wanapokea wageni kwa jina lake.

Tugawe kwa 12. Mafini moja ndogo ina kilokalori 190 hivi. Nyuzinyuzi gramu 3.7. Protini gramu 3.7. Mafuta gramu 7 na nusu. Sukari iliyoongezwa gramu 10, ambayo ni vijiko viwili na nusu vya chai. Sukari ya zabibu zenyewe gramu 5 na kidogo. Madini ya chuma miligramu 1. Magnesiamu miligramu 50. Sodiamu zaidi ya miligramu 200, na watu wengi hushangaa hapa, maana kinywa hakionji chumvi. Nusu ya sodiamu hiyo inatoka kwenye magadi. Magadi hayana ladha ya chumvi ulimini kama tuijuavyo, lakini sodiamu yake ni sodiamu, na mwenye shinikizo la damu anapaswa kulijua hilo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipitishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku; mafini moja ndogo inachukua zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi.

Je, hiki ni chakula kibaya? Hapana. Mafini moja ndogo namna hii ni kitafunwa cha haki. Shirika hilohilo linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku, na hapa umepata karibu sehemu moja ya saba kwa kitu kinachoenea nusu ya kiganja.

Shida inaanza kwenye ukubwa. Chukueni rojo hilihili, bakuli kwa bakuli, msiongeze chochote, mmimine kwenye vikombe sita vikubwa badala ya 12. Mafini moja sasa ina zaidi ya kilokalori 380, mafuta gramu 15, sukari ya kuongezwa gramu 20. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015, lilisema sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nguvu ya mlo wa siku, na ingefaa zaidi ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Mafini moja kubwa asubuhi, kabla hata ya chai, imekula gramu 20 kati ya 25. Hiyo ndiyo iliyokuwa mkononi mwa mama yangu. Na hapo bado ninazungumzia mafini ya kuoka kwa kipimo cha kistaarabu. Nyingi za madukani ni kubwa kuliko hii, tena pumba yake ni chache na unga mweupe mwingi. Rangi ya kahawia isikudanganye. Rangi hiyo inaweza kuletwa na molasi au sukari guru. Tafuta mstari wa nyuzinyuzi kwenye maelezo ya pakiti, uulinganishe na mstari wa sukari. Ukikuta nyuzinyuzi gramu moja au mbili na sukari gramu 25, hiyo ni keki. Keki si dhambi, ila iitwe keki.

Nije kwenye zabibu kavu, maana kuna wanaoziogopa kama sukari na wanaozila kama karanga.

Kilo moja ya zabibu kavu hutoka kwenye kilo kama nne za zabibu mbichi. Kilichoondoka ni maji. Zabibu mbichi zina sukari gramu 15 hivi kwa kila gramu 100. Zikikauka, sukari inapanda hadi karibu gramu 60. Potasiamu nayo inapanda, hadi miligramu 750 hivi, na madini ya chuma yanakaribia miligramu 2. Hakuna kilichoongezwa. Kila kitu kimesogezwa karibu.

Mwaka jana, katika darasa moja la jioni, nilimpa kijana mmoja mwenye afya zake bakuli la zabibu mbichi, gramu 400, nikamwambia ale taratibu tunavyozungumza. Alifika katikati akasukuma bakuli. Wiki iliyofuata nikamwekea gramu 100 za zabibu kavu kutoka aina ileile ya tunda. Tulipokuwa bado kwenye mada ya kwanza, alikuwa anakwangua chini ya bakuli. Sukari ni ileile. Lakini mara ya kwanza tumbo lilipata nafasi ya kusema "nimeshiba", mara ya pili halikuulizwa.

Hata hivyo nazipenda zabibu kavu ndani ya mafini, na nitawaambia sababu. Katika mwongozo niliowatajia wa Shirika la Afya Duniani, sukari iliyo ndani ya tunda zima, hata likikaushwa, haihesabiwi pamoja na sukari ya kuongezwa. Asali inahesabiwa. Juisi ya matunda inahesabiwa. Zabibu kavu hapana, maana sukari yake imekuja na nyuzinyuzi na madini ndani ya ngozi ya tunda. Hiyo haiifanyi isiwe sukari kwa mwenye kisukari. Yeye lazima aipime. Lakini inatupa mlango. Zabibu zinaweza kufanya kazi ya sukari! Ziloweke kwenye maji ya moto robo saa, zivimbe, uzichanganye zote na maji yake kidogo, na utaona rojo linavyopata utamu bila kijiko. Tutarudi hapa.

Angalizo kwa wenye watoto wadogo: zabibu kavu nzima inaweza kumkaba mtoto mchanga koo. Ikate. Na wenye mbwa, mafini hii isimfikie kabisa. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa.

Sasa kuna jambo linalonisumbua kila ninaposoma maelezo ya lishe. Maandishi yanasema chakula kina madini ya chuma kiasi fulani. Je, kuwa nayo kwenye chakula ni sawa na kuyapata mwilini?

Katika pumba mna kitu kinachoitwa fitate. Ndiyo ghala la fosforasi la mbegu, na kazi yake kwa mmea ni njema. Lakini ndani ya utumbo wetu fitate inashikamana na madini ya chuma, zinki na kalsiamu, na sehemu ya madini hayo inatoka kama ilivyoingia. Jambo hili lilijulikana vizuri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ilitaka kupunguza shehena za ngano baharini, ikaamua watu wale mkate wenye sehemu kubwa zaidi ya punje. Wanasayansi wawili wa Cambridge, Robert McCance na Elsie Widdowson, walikuwa na desturi ya kujifanyia majaribio miilini mwao wenyewe. Wao na wenzao wakala mkate mweupe kwa wiki kadhaa, kisha mkate wa kahawia kwa wiki kadhaa, huku wakipima kila kilichoingia na kila kilichotoka. Wakakuta mkate wa kahawia una madini mengi zaidi, lakini kalsiamu iliyobaki mwilini ilikuwa pungufu. Serikali haikuacha mkate wa kahawia. Iliongeza chokaa safi, yaani kalsiamu, kwenye unga.

Ninaipenda sana hatua hiyo. Waliona kasoro ya chakula kizuri, wakakitengeneza.

Nasi tunaweza. Mkate wa chachu unaokaa saa nyingi ukiumuka unapata muda wa kuivunja fitate. Mafini haina muda huo. Magadi yanaiinua dakika chache tu na tayari iko kwenye oveni. Kwa hiyo anayehitaji madini ya chuma, hasa mama mjamzito na msichana anayekua, asiitegemee mafini kwa hilo. Ale pamoja nayo tunda lenye vitamini C nyingi, chungwa kwa mfano, maana vitamini C husaidia madini ya chuma yafyonzwe hata fitate ikiwepo. Na chai inywewe saa moja au mbili baadaye, kwa kuwa nayo huyashika madini hayo.

La mwisho ni maji, na hili nalisema kwa uchungu kidogo. Mjomba wangu, baada ya kusikia habari za pumba, alianza na vijiko vinane vya mezani kwa siku, vikavu, juu ya kila alichokula. Vijiko vinane ni gramu 12 za nyuzinyuzi zilizoingia ghafla kwa mtu aliyezoea mkate mweupe. Maji hakuwa mnywaji. Siku ya tatu tumbo lilijaa kama ngoma, na choo kikawa kigumu kuliko mwanzo. Akaapa kutozigusa tena, na mpaka leo hajazigusa. Nyuzinyuzi za pumba hulainisha choo kwa kushika maji. Pasipo maji zitashika nini? Haba na haba hujaza kibaba: wiki ya kwanza vijiko viwili kwa siku, ambavyo ni gramu 3 za nyuzinyuzi, wiki inayofuata uongeze kidogo, na glasi ya maji iambatane na kila kiasi unachoongeza.

Kuna ambao mafini hii haiwafai hata kwa utaratibu huo. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye utumbo wake huumizwa na gluteni, ile protini inayonata ya ngano, asiiguse, kwa sababu pumba za ngano zina gluteni. Mwenye figo dhaifu amwulize daktari kwanza, kwa ajili ya potasiamu na fosforasi. Mwenye utumbo ulioziba au kupungua upana, vivyo hivyo. Na wale wenye utumbo unaokasirika kirahisi mara nyingi huumwa zaidi na pumba za ngano.

Turudi kwenye mabakuli. Mama na mimi tulikaa mezani na mizani ya jikoni, tukayapanga upya. Pumba, gramu 87 zilezile. Unga uleule. Sukari tukaikata nusu, gramu 60. Mafuta tukayakata nusu, na mahali pake tukaweka ndizi moja mbivu iliyopondwa ili mafini isikauke. Zabibu tukaziloweka. Chumvi tukaiacha kabisa, magadi yanatosha. Vikombe 12, si sita. Mafini moja ikashuka kutoka kilokalori 190 hadi 155. Sukari ya kuongezwa kutoka gramu 10 hadi 5. Mafuta kutoka gramu 7 na nusu hadi 4 na nusu. Sodiamu ikawa karibu miligramu 120. Nyuzinyuzi zikagota gramu 4.

Mara ya kwanza mama hakuzipenda. Alisema kweli, zilikuwa nzito. Tulikuwa tumelikoroga rojo mno. Rojo la mafini hukorogwa kidogo tu mpaka unga usionekane, likikorogwa sana gluteni inakaza. Mara ya pili aliacha pumba ziloweke ndani ya maziwa dakika kumi kabla ya kuchanganya, wala hilo halikutoka kwangu, alilibuni mwenyewe, na zikatoka laini. Tangu hapo anaoka kila wiki mbili, anazigandisha kwenye friji, anatoa moja asubuhi. Moja.

Pale nyuma kuna masinia mawili. La kushoto ni la kipimo cha vitabuni, nimelioka mimi. La kulia ameoka mama jana jioni. Naomba kila mmoja aonje kipande cha kila upande kisha aniambie ukweli, na wale mnaotaka kupima, mizani iko mezani. Majagi ya maji yako mlangoni. Chukueni glasi kwanza.